Baba, Wanawe Wawili na Vipigo 21

Kila mwaka ifikapo mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, wakati ligi kuu ya besiboli ya Marekani inapofunguliwa, wapenzi wa mchezo huo huwa na shughuli moja isiyo na malipo: kukaa na orodha ya wachezaji wa timu yao na kupiga hesabu. Nani amebaki, nani ameuzwa, nani amezeeka, kijana gani amepandishwa kutoka timu za chini. Mimi ni miongoni mwa wenye ugonjwa huo. Nakiri kwamba hesabu zangu, takriban zote, huishia kuwa za uongo, kwa maana Aprili ni mwezi ambao kila timu hujiona bingwa na kila mpenzi hujiona kocha.

Walakini iko Aprili moja ambayo mpenzi yeyote wa timu ya Baltimore Orioles hawezi kuisahau, nayo ni ile ya mwaka 1988. Kila ninapoona timu imeanza ligi vibaya na watu wameanza kupiga kelele kwamba kocha aondoke, mawazo yangu hurudi huko. Na si kwa sababu ya vipigo tu. Ni kwa sababu ya mzee mmoja na wanawe wawili.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuutazama mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Timu mbili za watu tisa tisa hupokezana zamu. Mrushaji wa upande mmoja hurusha mpira mgumu, mdogo kama chungwa, na mpigaji wa upande wa pili hujaribu kuupiga kwa gongo la mti. Akiupiga vema hukimbia kuzunguka vituo vinne, na akirejea salama pale alipoanzia timu yake hupata pointi moja. Mengineyo ni mengi, na wazee wa Kimarekani hubishana juu yake mpaka usiku wa manane, lakini kwa habari hii hayo yatosha. Jambo la kukumbuka ni moja: kila timu hucheza mechi 162 katika muda wa miezi sita, karibu kila siku ya Mungu. Kwa hiyo mechi sita za kwanza ni kama juma la kwanza la kazi, na bado majuma zaidi ya ishirini yako mbele.

Baltimore ni mji wa bandari katika jimbo la Maryland. Siku zile ulikuwa pia mji wa chuma. Kiwanda kikubwa cha Sparrows Point, ambacho kilifungwa mwaka 2012, kilikuwa kikilisha maelfu ya familia. Watu wa mji huo walikuwa na jeraha ambalo halijapona. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi, 1984, timu yao ya kandanda ya Kimarekani, Colts, ilipakiwa ndani ya malori na kuhamishiwa Indianapolis. Mji ulilala ukiwa na timu mbili, ukaamka ukiwa na moja. Hiyo moja iliyobaki ilikuwa Orioles, na mwenye mali, Edward Bennett Williams, alikuwa mwanasheria mashuhuri wa Washington. Wengi walihofu kwamba naye siku moja angeifunga mizigo na kuipeleka huko kwao.

Sasa tuitazame orodha yenyewe ya mwaka 1988, maana hapa ndipo penye siri ya mambo yote.

Miaka mitano tu kabla ya hapo, mwaka 1983, Orioles walikuwa mabingwa wa dunia, kama Wamarekani wanavyopenda kuwaita mabingwa wao. Mechi ya mwisho ya fainali ile, dhidi ya Philadelphia, walishinda 5 kwa 0. Mrushaji alikuwa Scott McGregor, ambaye hakuruhusu hata pointi moja, na Eddie Murray aliuvusha mpira nje ya uzio mara mbili. Mwaka 1988 McGregor alikuwa bado yumo kikosini. Jina lilikuwa lile lile, sura ile ile, ila mkono haukuwa ule. Alirusha katika mechi nne, akapigwa, na mwezi wa Mei akaachwa. Fred Lynn, mchezaji wa kati ya uwanja nyuma kabisa, alikuwa na umri wa miaka 36. Huyu mwaka 1975, akiwa Boston, alichaguliwa mchezaji bora kijana na papo hapo mchezaji bora wa ligi yake, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea. Mtu akilisoma jina lake katika orodha ya 1988 angedhani mambo ni shwari. Orodha ya majina hudanganya hivyo: hukupa sifa za mtu bila ya kukupa umri wa mguu wake.

Yalitokeaje? Zamani Orioles walisifika kwa kulea vijana wao wenyewe katika timu za chini, ambazo Wamarekani huziita mashamba, na kwa kweli jina hilo limesadifu. Kijana hupandwa huko akiwa na miaka kumi na minane, hupaliliwa miaka minne au mitano katika miji midogo, na akikomaa huvunwa. Baada ya ushindi wa 1983 mwenye mali aliona njia hiyo ni ndefu mno. Mnamo Desemba 1984 alifungua mkoba na kununua wachezaji watatu waliokwisha kukomaa, Lynn mwenyewe, Lee Lacy na Don Aase. Sheria za siku hizo zilikuwa na makali yake: timu iliyomsajili mchezaji huru wa daraja la juu ilipoteza nafasi ya kuchagua kijana bora. Yaani kila alipojaza ghala kwa mahindi ya dukani, shamba lake lilizidi kuota majani. Mwaka 1986 timu ilishika mkia katika kundi lake, mara ya kwanza tangu ilipohamia Baltimore mwaka 1954. Mwaka uliofuata ilishinda mechi 67 na kupoteza 95.

Mwaka huo wa 1987 ndipo Mzee Cal Ripken alipokabidhiwa kazi ya kocha mkuu. Niseme kidogo juu ya mzee huyu, kwani watu wa aina yake ni wengi makazini na ni nadra kuandikwa. Alijiunga na Orioles mwaka 1957 akiwa mdakaji katika timu za chini. Hakupata kamwe kucheza ligi kuu. Tangu mwaka 1961 hadi 1974 alikuwa kocha wa timu hizo ndogo, leo mji huu, kesho ule, na ilipolazimu alikuwa akiendesha mwenyewe basi la timu. Mrushaji mkubwa Jim Palmer alipitia mikononi mwake mwaka 1964, akiwa bado mvulana. Mafundisho yake yalikuwa ya namna moja: si kufanya mazoezi tu, bali kuyafanya sawasawa, tena na tena, hata katika jambo dogo kama namna ya kuinama kuokota mpira. Nyumbani kwao, katika mji mdogo wa Aberdeen huko huko Maryland, mkewe Violet alilea watoto wanne, na mara nyingi baba alikuwa safarini.

Wawili kati ya watoto hao waliingia kazi ya baba. Cal mdogo, aliyezaliwa mwaka 1960, alikuwa mlinzi wa nafasi iliyo baina ya kituo cha pili na cha tatu, na mwaka 1983 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Billy, aliyezaliwa mwaka 1964, alipandishwa tarehe 11 Julai, 1987, akasimama karibu na kituo cha pili, ubavuni mwa kaka yake. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi kuu, baba mmoja aliwafundisha wanawe wawili katika timu moja kwa wakati mmoja.

Usidhani kwamba kulikuwa na upendeleo. Cal mdogo alikuwa amecheza zamu zote za mechi zote, bila kutolewa hata mara moja, kwa muda wa miaka mitano na ushei. Jumla zilifika zamu 8,243 mfululizo. Tarehe 14 Septemba, 1987, huko Toronto, timu ikiwa inakung'utwa vibaya (mechi iliisha 18 kwa 3), baba ndiye aliyemtoa nje. Aliona kwamba hesabu hiyo imeanza kuwa mzigo kwa kijana, naye akautua. Sijui makocha wangapi wangethubutu kumfanyia hivyo nyota wao, seuze mtoto wao.

Ndivyo ilivyokuwa hali ilipofika Jumatatu ya tarehe 4 Aprili, 1988. Zaidi ya watu elfu hamsini waliujaza uwanja wa Memorial kushuhudia ufunguzi dhidi ya Milwaukee. Orioles walichapwa 12 kwa 0. Mpenzi mwenye imani hujiambia kwamba mechi moja si ligi. Wakafungwa ya pili. Wakasafiri kwenda Cleveland, wakapoteza zote nne za huko. Jumanne ya tarehe 12 Aprili Mzee Ripken aliitwa, akaambiwa kwamba kazi yake imekwisha. Alikuwa na umri wa miaka 52, na 31 kati ya hiyo aliitumikia timu ile ile. Katika ligi kuu hakukuwa na kocha aliyepata kufukuzwa mapema hivyo katika msimu.

Jioni ya siku hiyo hiyo kulikuwa na mechi. Cal mdogo na Billy walivaa sare, wakaenda kazini.

Hapa, msomaji, ndipo ninapotaka tukae kidogo. Wapo wanaosema kwamba kufukuza kocha ni jambo la kawaida, kwamba kocha hupimwa kwa matokeo, na kwamba Mzee Ripken alikuwa amekwisha kupoteza mechi 95 mwaka uliotangulia. Hoja hiyo nimeisikia, na nakubali kwamba ina uzito. Lakini kama makosa yalikuwa ya mwaka 1987, basi mwezi wa Oktoba ulikuwapo, na mtu angeweza kuitwa wakati huo na kuagwa kwa heshima. Kumwacha apange kikosi, afundishe kipindi chote cha matayarisho, kisha kumwondoa baada ya juma moja, ni sawa na kumlaumu mpishi kwa chakula ambacho unga wake umenunuliwa na mtu mwingine. Aliyeununua unga hakufukuzwa, kwani timu ilikuwa mali yake.

Mrithi wake alikuwa Frank Robinson. Huyu ni mtu wa heshima kubwa: alipata kuwa mchezaji bora wa ligi zote mbili, mwaka 1961 akiwa Cincinnati na mwaka 1966 akiwa Baltimore, na mwaka 1975 huko Cleveland alikuwa mtu mweusi wa kwanza kukabidhiwa kazi ya kocha mkuu katika ligi kuu. Kama dawa ya ugonjwa ingekuwa ni kocha, basi hakuna aliyekuwa tabibu kuliko yeye. Akapoteza ya kwanza, ya pili, ya tano, ya kumi. Rekodi ya timu iliyoanza ligi vibaya kuliko zote ilikuwa vipigo 13, nayo ikapitwa. Alipoteza mechi 15 kabla ya kuonja ushindi. Ukijumlisha na zile sita za mzee, zinakuwa 21. Katika mechi hizo Orioles walipata pointi 44 na wapinzani wao 129. Haya, hesabu hiyo yamlaumu nani?

Wakati huo kipigo cha Orioles kilikuwa kimekuwa mzaha wa nchi nzima. Mtangazaji mmoja wa redio mjini Baltimore aliapa kutoondoka kwenye kipaza sauti mpaka timu ishinde, akidhani labda ni suala la siku moja au mbili; alikaa humo kwa zaidi ya siku kumi, akisinzia baina ya sahani moja na nyingine. Nacheka ninapoandika haya, lakini wana wawili wa Ripken nadhani hawakucheka. Hata Cal mdogo, ambaye gongo lake lilikuwa halina mchezo, alianza mwezi huo vibaya sana.

Ushindi ulikuja Ijumaa, tarehe 29 Aprili, mjini Chicago, dhidi ya White Sox, 9 kwa 0. Murray aliuvusha mpira nje ya uzio mapema, na Cal mdogo alipiga vema mara nne. Lakini hata furaha hiyo iliwajia na doa: mwishoni mwa mechi Billy alipigwa na mpira kichwani akatolewa uwanjani kwa machela. Baadaye alipona, akaendelea kucheza. Kisha timu ikapoteza mechi mbili nyingine, ikarudi nyumbani ikiwa imeshinda mara moja na kushindwa mara 23.

Nani angekwenda kuwapokea watu wa namna hiyo? Jumatatu ya tarehe 2 Mei walikwenda watu 50,402. Si kwamba walikuwa vipofu. Watu hao walikwisha kuona malori yakiondoka usiku na timu nyingine, na nadhani wengi wao walikuja kusema kwa miguu yao kwamba hii hawaitoi. Jioni hiyo hiyo ilitangazwa kwamba timu imekubali mkataba mrefu wa kubaki Baltimore katika uwanja mpya utakaojengwa. Ndio uwanja wa Camden Yards uliofunguliwa mwaka 1992. Orioles waliifunga Texas 9 kwa 4. Hata hivyo msimu wao haukupona. Walimaliza wakiwa wameshinda 54 na kupoteza 107, na mwenye mali, aliyekuwa akiugua saratani kwa muda mrefu, alifariki mwezi wa Agosti.

Turudi kwa familia. Billy, ambaye hadi wakati huo alikuwa akivaa jezi namba 3, baada ya baba yake kuondolewa aliivua akavaa namba 7, ile aliyokuwa akiivaa mzee. Cal mdogo alinyamaza, na katikati ya mwaka huo akatia saini mkataba mpya wa miaka mitatu na wale wale waliomfukuza baba yake. Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilimlaumu moyoni. Niliona kwamba mtoto wa kweli angeondoka akabamiza mlango, hasa kijana kama yeye ambaye timu yoyote ingemlipa alichotaka.

Mtu aliyenibadilisha mawazo ni mzee mwenyewe. Mwaka 1989 Mzee Ripken alirudi Orioles, si kama kocha mkuu, bali kama kocha msaidizi wa kusimama kando ya kituo cha tatu na kuwaelekeza wakimbiaji, chini ya amri ya Robinson aliyekalia kiti chake. Wengine wataona huo ni unyonge. Mimi naona kwamba alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi wengine hutushinda kuvitenganisha: kazi, na wale waliompa kazi. Orodha ya mwaka huo ilikuwa ya vijana watupu. Murray alikuwa ameuzwa Los Angeles, na Lynn alikuwa amekwenda Detroit. Magazeti hayakuipa timu nafasi yoyote. Ilishinda mechi 87, na ubingwa wa kundi lake uliiponyoka mikononi mwa Toronto katika siku za mwisho kabisa za msimu. Robinson alichaguliwa kocha bora wa mwaka. Shamba lilikuwa limepaliliwa kidogo, basi.

Ndiyo maana mwaka 2024 White Sox wa Chicago, wale wale walioondoa nuksi ya Orioles, walipopoteza mechi 21 mfululizo na hatimaye kufikisha vipigo 121 kwa msimu mzima, sikushughulika sana na jina la kocha wao, ambaye alifukuzwa kama ilivyotarajiwa. Niliitafuta orodha.

Mwishoni mwa msimu wa 1992 Mzee Ripken aliondolewa tena, safari hii katika ukocha msaidizi, na kabla ya mwaka kwisha Billy naye akaachwa. Cal mdogo akabaki peke yake. Tangu tarehe 30 Mei, 1982, hakuwa amekosa mechi hata moja, pamoja na zile 21 na ile ya jioni ya tarehe 12 Aprili. Tarehe 6 Septemba, 1995, alicheza ya 2,131 mfululizo na kuivunja rekodi ya Lou Gehrig iliyodumu tangu mwaka 1939. Mchezo ulisimama kwa zaidi ya dakika ishirini. Alizunguka uwanja mzima akiwapa watu mikono. Juu, katika chumba cha wageni, alikuwapo mzee, ambaye tangu aondolewe hakuwa na desturi ya kukanyaga hapo. Mwana aliinua macho akamtazama, na baba akamtazama. Kisha Cal mdogo akarudi kwenye nafasi yake, kwa kuwa mechi ilikuwa bado haijaisha.

Mzee Ripken alifariki tarehe 25 Machi, 1999, akiwa na umri wa miaka 63, siku kumi na moja kabla ya Orioles kufungua msimu. Siku ya ufunguzi jina la Ripken lilikuwa katika orodha kama kawaida. Hakuwa tena baina ya kituo cha pili na cha tatu. Umri ulikwisha kumhamishia kwenye kituo cha tatu, hatua chache tu kutoka pale baba yake alipokuwa akisimama.